Safu ya Saba

Katika daftari langu safu ya saba ni ya wagonjwa.
Ya kwanza jina, ya pili zamu, ya tatu kilo za minofu,
na kuendelea mpaka hapo, penye wino mwekundu,
ambapo mwaka juzi niliandika: Bożena, mkono.
Sigurlína, mgongo. Bożena. Bożena tena.
Ragnheiður, na mbele yake nafasi tupu,
maana hakusema anaumwa nini.

Chewa huja na barafu, kisu humfuata chewa,
na bega ndilo hulipa deni la wote wawili.
Hapa ni kaskazini mwa Aislandi.
Miezi miwili mlima hulificha jua
nasi hukata samaki chini ya taa
zisizojua kupepesa.

Mwezi wa tisa akaja binti mmoja, Eydís,
mtaalamu wa viungo, kakumbatia mpira wa bluu.
Akaomba dakika kumi, saa nne kila asubuhi:
mkanda usimame, visu vilale, watu wanyooke.
Torfi mwenye kiwanda akanitazama mimi, si yeye.
"Piga hesabu."
Nikapiga. Watu thelathini na wanne, mara kumi:
dakika mia tatu na arobaini kila siku ya Mungu.
"Samaki hangoji," akasema.
Nikafunua ukurasa, nikaweka kidole safu ya saba.
Akaisoma kama mtu anayesoma barua ya mtalaka wake.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
ndivyo wasemavyo. Na mgongo je?

Basi Eydís akainua mikono, nasi tukainua,
aproni za mpira zikilia, buti hadi magotini,
tukanuka, tukaona haya, tukacheka.
Meza ya Bożena ikapandishwa sentimita sita.
Miaka kumi na mmoja aliinamia meza
iliyochongwa kwa kimo cha mtu asiyejulikana.
Sentimita sita! Vipande vinne vya mbao na parafujo.
Hakuna aliyewahi kumuuliza urefu wake.

Na kila Jumanne, muuguzi, katika stoo ya nyavu.
Mlango hufungwa; lisemwalo humo hulala humo.
Ragnheiður aliingia kwanza dakika tano,
wiki iliyofuata saa nzima.
Sijui alisema nini. Najua tu
safu yake ilinyamaza, yeye akaanza kusema.

Msinidai muujiza.
Januari mafua yalitufagia, wino ukarudi.
Grímur hajanyoosha hata kidole hadi leo:
saa nne hukaa dirishani na kahawa yake
akiutazama mlima kama unamdai.
Lakini dirisha nalo ni dakika zake kumi,
na siku hizi hatupigi kelele wavulana wa barafu.

Machi nikajumlisha, nikajumlisha tena,
nikidhani nimekosea:
siku tisini na tatu zilizopotea
zimebaki arobaini na moja.
Kilo zimepanda kidogo tu, sitatia chumvi,
ila miiba kwenye minofu imeadimika,
na mnunuzi wa Ufaransa, mtu wa kulalamika,
hakurudisha hata sanduku moja.
Torfi akavaa miwani. Akavua. Akavaa.
"Waongezee ziwe kumi na tano," akasema.
Kisha, kwa kuwa ni Torfi: "Kumi na mbili."

Jana Bożena alinisimamisha mlangoni,
theluji kwenye kope, akaniambia, bila kuulizwa,
kwamba asubuhi amemsuka bintiye nywele,
mkono ukapanda hadi utosini bila kukataa,
mtoto akasema, Mama, leo umesuka mpaka mwisho.

Nilirudi mezani, nikatafuta pa kuliandika hilo.
Halina kilo, halina zamu,
wala si la wino mwekundu.
Nimelipachika pembeni mwa safu ya saba,
kwa penseli, herufi ndogo,
Torfi asije akauliza ni shilingi ngapi.